Muulize Bibi Muuguzi: Tulimchangia mwenzetu, mbona katukasirikia?

SWALI

Bibi, shikamoo. Mimi ni nahodha wa timu ya mtaani kwetu, Chake Chake. Winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka 24, amekutwa na saratani ya tezi, madaktari wanaita limfoma ya Hodgkin. Ameshakwenda Ocean Road, Dar es Salaam, mara mbili kutiwa dawa. Sisi tulisikia kuwa kule Ayalandi wachezaji wa mpira wa Kigaeli, mwenzao akipata saratani, klabu nzima hujitokeza kumchangia. Tukasema na sisi tufanye. Tukapanga mechi Gombani, tukatengeneza tangazo lenye picha zake mbili, moja ana nywele na moja hana, tukalirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Siku tatu tukapata shilingi 640,000. Badala ya kufurahi, kajitoa kwenye kundi la timu na simu zetu hapokei. Mama yake anasema tumemdhalilisha mwanawe. Tumekosea wapi? Na mechi tuicheze au tuiache?

Nahodha, Chake Chake

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mmekosea kwenye ile picha, na kosa hilo linatengenezeka.

Nalijua jambo hili kwa pande mbili. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na mdogo wangu wa tumbo moja aliugua maradhi haya haya. Alikuwa beki, huku kwetu Wete. Alianza na kinundu shingoni, kidogo kama karanga, baadaye kikawa kama kungumanga. Hakimuumi. Usiku jasho linamtoka mpaka fulana unaikamua. Mara tukaambiwa kifua kikuu, mara tukaambiwa jicho la watu, maana mwezi ule alikuwa kafunga goli la fainali. Miezi saba ikapita hivyo mpaka alipokatwa kipande cha nyama cha kile kinundu shingoni kikaenda kupimwa. Na mimi muuguzi, nimo ndani ya nyumba ile ile. Mpaka leo linaniuma.

Habari ilipoenea, wiki ya kwanza viatu vya wageni vilijaa barazani hata pa kupita hapana. Kila anayeingia anamtazama kichwa kwanza, ndipo anamtazama usoni. Wengine wanaanza kulia kabla ya kukaa. Mdogo wangu akawa anajifunika shuka gubigubi akisikia hodi. Kufika wiki ya sita, baraza tupu.

Aliyebaki ni mmoja, golikipa wao. Kila Alkhamisi baada ya alasiri anakuja na dhumna kwenye kopo la maziwa, anazimwaga juu ya mkeka, anasema: "Jana tumepigwa mbili. Ile ya pili, ungekuwepo wewe isingeingia." Basi wanacheza. Hamuulizi anajisikiaje, hamwambii pole. Siku ambayo mdogo wangu hana nguvu ya kukaa, kipa anacheza mikono yote miwili, yake na ya mgonjwa, na mgonjwa anamwonyesha kwa kidole dhumna ya kutoa. Mimi niliyekuwa nikimpa dawa kwa saa sikuweza kumfanya acheke. Yule kijana aliweza.

Sasa hao wa Ayalandi. Ni kweli wanachangiana, na sababu yake ipo. Mpira wao wachezaji ni 15 kila upande, mpira unashikwa kwa mkono na unapigwa kwa mguu, na chama chao kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Wachezaji hawalipwi mshahara wa kucheza, hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park, Dublin. Jumatatu mtu yuko kazini kwake, skuli au shambani, na klabu yake ni ya pale alipozaliwa. Kwa hiyo wanaomchangia ni jirani zake. Wamefanana na nyinyi wa mtaani kuliko wachezaji wakubwa mnaowaona kwenye televisheni.

Lakini mtazame mmoja wao, Jim Stynes. Alikulia kwenye mpira huo Dublin, akaenda Australia kujifunza mpira wa huko, na mwaka 1991 akapewa medali ya Brownlow, anayopewa mchezaji bora wa ligi yao. Mwaka 2009, akiwa mwenyekiti wa klabu ya Melbourne, alikutwa na saratani, ya aina nyengine, si hii ya mwenzenu. Alikaa mbele ya waandishi akalisema mwenyewe kwa mdomo wake. Klabu haikumwondoa kwenye kiti. Alibaki mwenyekiti huku anatibiwa mpaka mwanzoni mwa 2012, na Machi mwaka huo akafariki, ana miaka 45. Unaona tofauti? Yeye alichagua siku na maneno ya kusema. Winga wenu alisemewa, tena na picha aliyopigwa akiwa hajiwezi.

Kwa hiyo anza kwa mama yake. Nenda wewe na kocha, wawili tu, baada ya isha, muombeni radhi yeye kwanza. Kabla hamjatoka nyumbani, hakikisheni tangazo limefutwa kila kundi mnaloweza kulifikia. Kijana asipotaka kutoka chumbani, msimlazimishe. Semeni maneno yenu ukumbini kwa sauti ya kawaida, atasikia.

Pesa zote mkabidhini mama, na karatasi yenye hesabu. Mechi muulizeni mwenyewe. Akisema ichezwe bila jina lake, ichezwe bila jina lake, iwe bonanza la kawaida na kiingilio kimfikie kimya kimya. Akisema hapana, basi ni hapana. Pita kwa wazee na wafanyabiashara mmoja mmoja, Pemba watu wanatoa sana pasipo tangazo.

Na mjue pesa hiyo inaliwa na nini. Dawa za maradhi haya mara nyingi hutiwa kila baada ya wiki mbili, na huweza kufika miezi sita. Kila safari ni nauli ya watu wawili, kutoka Mkoani mpaka Unguja na Unguja mpaka Dar, pa kulala, chakula cha anayemsindikiza, bajaji ya alfajiri. Shilingi 640,000 inaisha upesi. Bora mchango mdogo wa kila safari kuliko mkubwa wa mara moja. Pangeni zamu ya kumsindikiza ili mama apumzike, na anapokuwa safarini, mmoja wenu ahakikishe wadogo zake wana maji na wamekwenda skuli.

Yapo mambo ya spitali ambayo timu nzima lazima iyajue. Hayaambukizi maradhi haya, kuleni naye sinia moja. Lakini dawa zinapunguza kinga ya mwili, kwa hiyo mwenye mafua asiende kumkagua, na kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Akipata homa, ikifika nyuzi 38, ni spitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na mwambieni daktari mapema kuwa anatiwa dawa za saratani. Tafadhali mwanangu, msiseme ni malaria tu mkamnunulia vidonge dukani. Homa hiyo inaweza kumuua kwa siku moja. Akianza kukohoa au kukosa pumzi, aseme pia, kwani moja katika dawa zinazotumika inaweza kudhuru mapafu. Dawa za miti asinywe bila daktari wake kujua.

Dawa nyengine ni nyekundu kama sharbati ya rozela, na mkojo unatoka mwekundu siku moja au mbili. Mdogo wangu hakuambiwa. Nilimkuta chooni analia, anadhani anakojoa damu. Mwenzenu kama hajui, mwambieni.

Na matumaini yapo, simwambii mtu uongo kwenye ukurasa huu. Panapopatikana matibabu kamili na kwa wakati, zaidi ya watu 8 katika 10 wenye limfoma ya Hodgkin hupona. Mdogo wangu sasa anauza samaki sokoni, ana watoto watatu, na lile kovu la shingoni wanae hulichezea kwa vidole.

Jezi ya winga wenu msimvishe mtu. Jina lake libaki kwenye orodha ya wachezaji, hata akiwa Dar. Akifungua mlango, usianze na habari ya dawa. Mpelekee ratiba ya mechi, umuulize Jumapili nani aanze kushoto.