Kabari za Kupimia Waya wa Zege Iliyokazwa: Tazama Kwanza Waya Umekatikia Wapi

Waya wa nyuzi saba unaokaza zege za madaraja, wenye kipenyo cha milimita 15.2 na nguvu ya megapaskali 1860, unatakiwa kubeba takribani kilonyutoni 260 kabla ya kukatika. Waya tuliokuwa tukiupima katika maabara yetu ulikatika mapema zaidi, na kila mara ulikatikia ndani ya kabari, yaani vipande vya chuma vyenye meno vinavyoubana waya kwenye mashine, tulizokuwa tumezitengeneza wenyewe. Kwa wiki mbili nzima tuliulaumu waya. Nilipochukua uzi mmoja uliokatika na kuutazama kwa lenzi, niliona alama ya jino la kabari, na ufa ulioanzia kwenye alama hiyo ukapita mshazari hadi upande wa pili, huku uzi wenyewe haujasinyaa hata kidogo. Uzi unaokatika kwa kufikia mwisho wa uwezo wake husinyaa kwanza, kisha ncha moja hubaki imebonyea kama kikombe na nyingine imechongoka. Kumbe kabari ndizo zilizokuwa zikiukata waya, nasi tukaandika matokeo hayo kana kwamba ni udhaifu wake.

Chanzo kilikuwa mdomo wa kabari, yaani ule upande mwembamba unaoelekea kwenye mzigo. Hapo waya bado unabeba mvuto wote, kwa hiyo ukiongeza mbano mkali wa meno mahali hapo hapo, lazima uanze kupasuka. Ushauri wangu ni kutofautisha pembe kwa kiasi kidogo sana: kikombe, yaani kipande cha chuma ambamo kabari huingia na kukaza, tulikikereza kwa digrii 7, na kabari kwa digrii 7.1, ili upande mnene wa nyuma utangulie kugusa na mbano upungue kadiri unavyokaribia mdomoni. Meno nayo tuliyakomesha kabla ya kufika mdomoni, na ukingo wa tundu tukauviringa. Msiuone udogo wa sehemu moja ya kumi ya digrii mkadhani mkerezaji anaweza kuikisia kwa jicho, ipimwe.

Jambo la pili ni msuguano, ambao wengi huuelewa kinyume. Uso wa ndani wa kabari, unaogusa waya, unapaswa kuwa na meno, lakini uso wa nje, unaogusa kikombe, unapaswa kuteleza. Kwa pembe ya digrii 7 na msuguano wa 0.1 upande wa nje, jumla ya mbano juu ya waya huwa zaidi ya mara nne ya mvuto. Msuguano huo ukipanda hadi 0.2, mbano hushuka hadi mara tatu, kabari hukwama njiani, na waya huanza kuteleza huku meno yakiukwangua. Kwa sababu hiyo sisi hupaka grisi ya grafaiti upande wa nje kabla ya kila kipimo, na hufuta ndani kwa brashi ya chuma ili vumbi la chuma lisijaze mifereji ya meno. Urefu wa kabari pia usibanwe kwa ajili ya kuokoa chuma, kwa kuwa uzi wa katikati haufikiwi na jino lolote. Hushikwa na zile nyuzi sita zinazouzunguka, na mshiko ukiwa mfupi huchomoka.

Kuhusu ugumu, kabari zetu za kwanza zilikuwa za chuma kilichofanywa kigumu hadi kiini, na moja ilipasuka vipande vitatu mzigo ukiwa mkubwa. Kipande kimoja kiligonga kinga ya bati na kuibonyeza. Tangu hapo tunatumia chuma chenye kaboni kidogo, kinachotiwa kaboni kwenye ngozi tu hadi ifikie takribani 60 kwa kipimo cha Rockwell C, kiini kikibaki laini zaidi. Hata hivyo, mtu asisimame kamwe kwenye mstari wa waya mashine inapovuta.

Kabla ya kupandisha mzigo wowote, pakeni wino wa bluu wa mafundi kwenye uso wa nje, sukumeni kabari kwa mkono ndani ya kikombe, kisha zitoeni. Wino ukiwa umefutika theluthi ya nyuma peke yake, endeleeni. Ukiwa umefutika hadi mdomoni, zirudisheni kwenye kerezo.