Kabla ya Kuomba Ushauri, Tazama Umekwenda kwa Nani

Mwaka niliopata mkataba wa kazi wa miaka 2 mjini Mwanza ndio mwaka mama yangu alipougua kiharusi nyumbani Pangani. Mkono wake wa kushoto ulipooza, akawa hawezi kukuna nazi wala kujifunga kanga bila msaada, na mimi ndiye mtoto niliyekuwa nikiishi naye. Niliomba ushauri kwa watu 4, na wote wakaniambia niende. Nilitulia kabisa, mpaka usiku mmoja niliposoma mhadhara alioutoa mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre jijini Paris mwezi Oktoba 1945.

Humo Sartre anasimulia habari za mwanafunzi wake, wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani. Kaka wa kijana huyo ameuawa katika mashambulizi ya 1940, baba amefarakana na mama na kuanza kuelekea upande wa adui, na mama hana faraja nyingine ila mwana aliyebaki. Kijana anatamani kwenda Uingereza kujiunga na majeshi ya Wafaransa Huru, waliokuwa wakiendelea kupigana na Wajerumani, lakini anajua kwamba kuondoka kwake kutamvunja mama. Sartre anapima kila mafundisho aliyonayo. Dini inaamuru tumpende jirani, lakini jirani ni yupi hapa, mama au wapiganaji? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Basi akibaki, wanaopigana kwa ajili yake ndio watakaokuwa chombo, na akienda, mama ndiye atakayetolewa sadaka. Hata upendo haumwongozi, kwa sababu hawezi kujua kama anampenda mama kiasi cha kubaki mpaka abaki kweli. Mwisho Sartre anamwambia kwamba yuko huru na achague mwenyewe.

Wengi husoma kisa hiki wakaishia hapo. Mimi kilichonishika ni maneno mafupi anayoyaongeza: kwamba anayemwendea mshauri fulani amekwisha kuchagua, kwa kuwa ndani ya moyo wake anajua mshauri huyo atasema nini. Niliwahesabu watu wangu 4. Wawili walikuwa wamehama makwao tangu ujana, mmoja ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na wa nne hajawahi kumpinga mtu. Mjomba wangu, ambaye nilijua angeniuliza maswali mazito, nilikuwa nimemkwepa kwa majuma 3 nikijidanganya kwamba sina nafasi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza kusoma falsafa akiwa na jambo linalomkera ni huu: andika majina ya uliowaendea, kisha andika jina la yule unayemwogopa, uende kwake.

Hata hivyo, sikubaliani na Sartre katika kila jambo. Anamweka kijana peke yake kama kwamba nafsi ni chumba chenye mtu mmoja, ilhali Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, alipoeleza kwamba maisha mema ni yale yanayojitosheleza, aliharakisha kufafanua kwamba hazungumzii mtu anayeishi peke yake, bali mtu pamoja na wazazi, watoto, mke, rafiki na raia wenzake. Nikiwa nimelelewa katika nyumba ambamo posa na hata kuuzwa kwa shamba hujadiliwa kikaoni, naona Aristotle amekaribia ukweli zaidi, ingawa naye hakunisaidia kuamua.

Nilimwendea mjomba siku ya Ijumaa, baada ya sala. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama mama mwenyewe ameulizwa. Nilinyamaza. Nilirudi kumsoma Sartre, nikaona kwamba katika simulizi lake pia mama yule hasemi hata neno moja, naye ndiye anayepimwa kwenye mizani tangu mwanzo.

Jioni hiyo nilimuuliza mama. Alisema amekwisha kuzungumza na dada yangu wa Muheza, kwamba atakwenda kukaa kwake karibu na hospitali, na kwamba alichokuwa akikisubiri ni mimi nimwambie ni nani atakayetazama minazi yake.