Mwanangu, dawa usiache

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeiona, waniuliza uache vidonge vya kifafa au vipi maana mwataka mtoto sasa na mavyaako kakwambia dawa zaharibu mimba.

Usiache. Hata kimoja usiruke kabla hujaonana na daktari, ukiziacha ghafla kifafa chaweza kurudi na nguvu kuliko zamani, na kifafa kisichokatika chaweza kukuua wewe na mtoto. Lakini mavyaako nae usimuone mjinga, ukweli kidogo anao, kuna dawa yaitwa valproeti, hiyo ndio mbaya kwa mimba, katika watoto 10 mmoja hivi huzaliwa na kasoro, moyo au uti wa mgongo, na 3 au 4 huchelewa kuongea na kushika masomo. Hebu soma boksi lako. Kama ni hiyo, daktari akubadilishie sasa na mpango wa uzazi usikatize mpaka mpya ikukae vizuri. Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ina nafuu, ila hupungua kwenye damu tumbo likikua, wengi huongezewa dozi kisha wakizaa hupunguziwa.

Foliki, ile vitamini ya kukinga uti wa mgongo wa mtoto, anza leo, muulize daktari ile ya miligramu 5, usingoje mpaka ukose siku zako maana uti huo hufunga mapema sana, wengine hata hawajajua wana mimba. Na Ramadhani ikikukuta na tumbo usijitie ujasiri, kukesha kungoja daku na kuruka vidonge vya mchana si vyako, dini yenyewe imekuruhusu ulipe baadae. Mavyaako akikuletea kombe kunywa, ni dua, lakini kidonge chako palepale.

Uzalie hospitali, operesheni si lazima, wengi wenye kifafa huzaa kawaida na watoto wazima kabisa.

Arubaini utakuja kwangu wallahi sitaki mjadala, kukosa usingizi ndiko huamsha kifafa, kwa hivyo usiku mtoto ntamshika mimi wewe ukishanyonyesha ulale, na kunyonyesha dawa nyingi hazizuii. Nepi utambadilishia chini mkekani si kitandani, kumuogesha usiwe peke yako na beseni hata siku moja.

Ntavuka feri Jumamosi niongee na mavyaako. Mumeo nae awepo, nimuoneshe namna ya kukulaza ubavu ukianguka, na hayo mambo ya kukutia kijiko mdomoni akome.

Mamako