Anza na nembo ya VAIO: kwa wanaoingia kwenye ubunifu wa nembo

Vijana wanaoanza kazi ya ubunifu huniuliza wachunguze nembo gani kwanza. Nawaelekeza kwa VAIO, ile ya kompyuta zilizoanzishwa na Sony. Ziko nembo nzuri kuliko hiyo. Lakini ni chache ambazo kila mstari wake una sababu, na sababu hiyo imetoka ndani ya bidhaa yenyewe.

Itazame taratibu. V na A zimeunganishwa zikawa mstari mmoja unaopanda na kushuka bila kona kali. Hilo ni wimbi la analogi, namna ambavyo sauti ilisafiri kwenye redio na kuhifadhiwa kwenye kanda. I na O zinasomeka pia kama 1 na 0, tarakimu mbili zinazobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Jicho likitoka kushoto kwenda kulia, limeshavuka kutoka analogi hadi dijitali. Na hakuna aliyechora kompyuta, waya, wala radi.

Wazo hilo lilikuwa na kazi ya kufanya. Dunia iliijua Sony kwa redio, televisheni na Walkman. Kompyuta ilishawahi kuzitengeneza miaka ya 1980, zikiwemo HitBit za MSX, mfumo wa kompyuta za nyumbani uliotumiwa na kampuni kadhaa, ila hazikuipa jina kubwa nje ya Japani. Iliporudi na VAIO mwaka 1996, mnunuzi alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini nichukue kompyuta kwa watu wa redio? Jibu la Sony lilikuwa kwamba kompyuta hii imetengenezwa kwa ajili ya picha na sauti, vitu ambavyo kampuni ilivijua vizuri. Hata jina lilikuwa kifupisho cha Video Audio Integrated Operation. Nembo ikalitoa jibu lilelile kwa mstari mmoja.

Mteja akikufuata, mwulize swali hilohilo kabla hujashika penseli: kwa nini mtu anunue kwako na si duka la pili? Atakuambia anataka kitu cha kisasa, chenye mvuto. Usiridhike. Kaa naye mpaka apate jibu ambalo mshindani wake hawezi kulitoa, kisha liandike kwa sentensi moja ulibandike mbele yako. Asilimia kubwa ya nembo mbovu ninazoziona mitaani hazikuharibiwa na mkono wa mchoraji. Sentensi hiyo haikuwahi kuandikwa.

Aliyebuni nembo ya VAIO ni Teiyu Goto, wakati huo mbunifu wa bidhaa wa Sony mjini Tokyo, ambaye pia alitengeneza umbo la PlayStation ya kwanza. Zingatia kwamba hakuletewa jina tu kwenye karatasi. Kompyuta za kwanza za VAIO alizibuni yeye, akajua zitashikwaje na zitakuwa na rangi gani. Zambarau iliyotawala miaka ya mwanzo ilitokana na jina lenyewe, ambalo kwa sauti linakaribia jina la Kiingereza la rangi hiyo, violet. Kompyuta ya mpakato ya 505, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa nyembamba, ya magnesiamu, yenye zambarau iliyochanganyika na kijivu. Basi nenda kiwandani, dukani au jikoni kwa mteja wako. Shika anachouza. Siamini nembo iliyobuniwa na mtu ambaye hajaigusa bidhaa.

Nembo hiyo ilipaswa pia kukaa kwenye mfuniko wa chuma. Huko hakuna vivuli wala rangi zinazoyeyukiana. Kuna umbo tu. Kwetu hapa nembo itapigwa mhuri wa mpira, itadariziwa kwenye fulana, itachorwa kwa brashi ukutani. Ichore kwanza kwa rangi nyeusi peke yake, kisha ipunguze mpaka iwe ndogo kama ukucha. Ikipotea hapo, rangi haitaiokoa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni yaliyotokea baadaye. Mwaka 2008 maana ya kifupisho ilibadilishwa ikawa Visual Audio Intelligent Organizer, na nembo haikuhitaji kuguswa, kwa sababu haikuwa imechora yale maneno. Ilichora wimbi na tarakimu. Mwaka 2014 likaja jambo zito zaidi. Sony iliuza biashara yake ya kompyuta kwa kampuni ya uwekezaji ya Japan Industrial Partners, ikaundwa kampuni inayojitegemea, VAIO, yenye makao yake Azumino katika mkoa wa Nagano. Jina la Sony likatoka kwenye mashine, na zile herufi nne zikabaki pale juu ya mfuniko, zinasimama zenyewe.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya bidhaa iliyo chini ya kampuni kubwa, usiegemeze nembo yake kwenye jina la mzazi. Ijaribu bila jina hilo tangu siku ya kwanza. Na unapomkabidhi mteja, mpe faili za vekta (zinazoweza kukuzwa bila kupoteza ubora), toleo la rangi moja, na ukurasa mmoja unaoeleza kila mstari umewekwa kwa nini, ili mbunifu atakayekuja baada yako ajue kipi anaweza kukibadili na kipi akiache.