Usiulize "Umeumia?": kwa wanaoanza utafiti wa majeraha ya michezo

Wengi wenu mtaanzia pale nilipoanzia mimi: pembeni mwa uwanja wa shule, na fomu, kalamu na begi la bandeji. Uwanja wangu wa kwanza ulikuwa upande wa Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, kwenye ule udongo mweusi wa tambarare za Kano. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kidole kizima. Mvua ikinyesha, tope linang'ang'ania njumu, mwili unageuka huku mguu umebaki. Nilitarajia vifundo vingi vilivyoteguka, lakini fomu zangu zilirudi karibu tupu.

Kosa lilikuwa swali langu. Niliwauliza vijana, "Umeumia?" nao wakajibu hapana. Kwao, aliyeumia ni yule aliyebebwa nje. Kisha siku moja, mechi imekwisha, nikamkuta beki mmoja nyuma ya goli akivua soksi polepole. Kifundo kilikuwa kimevimba hata mfupa wa nje hauonekani, kimefungwa kwa kipande cha shuka. Nikamwuliza kama panauma. "Panauma tangu wiki ile, lakini sijaumia."

Siku hiyo nilibadilisha fomu. Uliza: kuna mahali panakuuma ukikimbia? Wiki hii umepunguza mazoezi kwa sababu ya maumivu? Uliza kila wiki, usingoje mwisho wa muhula, maana anayecheza kila siku husahau maumivu ya mwezi uliopita. Tena umwulize kando, kocha asisikie. Mashindano ya muhula wa pili yakianza, nafasi kikosini ni kitu cha kulindwa kwa meno, na ukitoa siri ya mmoja, timu nzima itakufungia mdomo. Jambo moja tu uwaambie mapema kwamba hutalificha: aliyegongwa kichwa akayumba au akachanganyikiwa atatoka, na siku hiyo harudi uwanjani.

Sasa hesabu, na hapa nawasihi mtulie. Idadi ya majeraha peke yake haisemi kitu. Timu ya wachezaji 11 ikicheza dakika 90, hizo ni saa 16.5 za mchezo; mechi 10 ni saa 165. Wakiumia mara 5, ni takriban majeraha 30 kwa kila saa 1,000. Timu jirani nayo ikapata majeraha 5, lakini katika mechi 20: hatari yao ni nusu. Bila saa ungesema timu hizo zinalingana. Saa za mazoezi zihesabu kivyake, kwa kuwa mechi huumiza zaidi. Na kabla ya kipenga cha kwanza, andika jeraha kwako ni nini: kila maumivu, yale yaliyohitaji tabibu, au yale yaliyomkosesha mtu mazoezi? Mwaka 2006 wataalamu wa soka walikubaliana juu ya fasili hizi. Zitumieni ili matokeo yenu yaweze kulinganishwa na ya wengine.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya), kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18, vianzeni mapema.

Kuhusu kinga, msidhani ni mambo ya klabu zenye pesa. Programu ya FIFA 11+, yaani mazoezi ya kupasha mwili moto kabla ya kucheza, huchukua kama dakika 20 na haihitaji mashine yoyote. Ilipojaribiwa kwa vijana wa ligi ya Lagos, majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lile zoezi la msuli wa nyuma ya paja, mmoja amepiga magoti akijiinamisha mbele polepole na mwenzake amemshika vifundo, linafanyika hata kwenye nyasi kavu. Kinachowashinda wengi ni kulifanya kila wiki, kwa hiyo andikeni pia ni mara ngapi timu ilifanya kweli. Mimi nimeona mazoezi haya yakiachwa pindi fainali inapokaribia, wakati ambapo miguu imechoka na inayahitaji zaidi.

Chora pia uwanja kwenye fomu, utie alama pale mtu alipoangukia. Niliporudisha mchoro wangu shuleni, mwalimu wa michezo aliutazama kwa muda mrefu: alama nyingi zilikuwa zimerundikana kwenye kona moja, upande wa mfereji. Jumatatu iliyofuata, kabla ya mazoezi, nilikuta toroli la mchanga kwenye kona ile na wavulana wawili wakiziba nyufa kwa majembe.