Usinunue hizo hisa kabla hujafungua jedwali la tengo

Mkuu, simamisha hiyo oda kwanza. Unasema kampuni ya kadi za mkopo imepandisha faida mara mbili ndani ya mwaka, unauliza ununue sasa au usubiri gawio, na ada ya dalali ikoje. Mimi nilinunua hisa za namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo, na nusu ya akiba yangu ya miaka sita ikayeyuka.

Deni la kadi kwa kawaida halina dhamana, kwa hiyo kampuni hutenga fedha mapema kwa ajili ya watakaoshindwa kulipa. Kinachotengwa kila mwaka ndicho tengo, na akiba inayokusanyika ndiyo fungu. Chini ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, tangu 2018, inatenga hata kwa mteja ambaye hajachelewa siku moja. Ni makisio. Wakubwa wakikisia mambo yatanyooka, fungu linapunguzwa na kilichopunguzwa kinaingia kwenye faida, ingawa hakuna senti mpya iliyolipwa na mteja.

Kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni niliyonunua, jedwali lenyewe lilikuwa kurasa za nyuma kabisa, herufi ndogo. Nakurahisishia namba: fungu la mwanzo wa mwaka 100, mikopo iliyofutwa (isiyotarajiwa tena kulipwa) 60, tengo jipya 25, fungu la mwisho 65. Soma tena. Wamefuta 60, wametenga 25! Ile 35 ndiyo faida niliyoishangilia. Na mwaka huo huo madeni ya kadi yalikuwa yamekua kwa theluthi. Mwenye kadi mpya haanzi kukwama mwezi wa kwanza, kwa hiyo asilimia ya wanaochelewa ilionekana ndogo kwa sababu tu jumla ya madeni imevimba. Mwaka uliofuata wakaanza kukwama, fungu likajazwa kwa mkupuo, hisa zikaporomoka.

Aliyeniingiza ni mchambuzi wa kundi la kulipia. Nilimuuliza kabisa mbona tengo limeshuka hivi, akanijibu wateja sasa wana nidhamu. Hakuwa amefungua hilo jedwali, na ada yangu aliichukua. Hasira hazijaniisha.

Si kwamba kila anayepunguza fungu anadanganya. American Express walitenga dola bilioni 4.7 mwaka 2020 wakihofia corona. Hasara haikuja kama walivyohofia, na 2021 mstari huo wa tengo ukawaongezea dola bilioni 1.4 kwenye faida. Kihesabu ni halali. Ila ongezeko la aina hiyo halijirudii kila mwaka, na bei ya hisa huwezi kuijenga juu yake.

Kwa hiyo linganisha tengo la mwaka na mikopo iliyofutwa. Tengo likiwa dogo huku madeni yanakua, toa tofauti hiyo kwenye faida kabla ya kodi, halafu ndipo uangalie bei.

Weka hapa hizo namba nne za kampuni yako, pamoja na jumla ya madeni ya kadi mwaka huu na mwaka jana. Nitazipiga usiku huu huu.