Dawa ya tangi na masizi ya injini

Kaka, umeuliza kama dawa ya kumwaga kwenye tangi itatoa masizi kabla hujaondoka Tabora kwenda Kigoma. Inategemea injini. Kama nozeli zinapuliza petroli nyuma ya valvu za hewa, dawa yenye PEA (kemikali ya kusafisha masizi, polyetheramine) inasaidia kweli, inaosha nozeli na valvu pia. Ila kama ni injini ya D-4 ya Toyota (si D-4S, hiyo ina nozeli za nyuma ya valvu na za ndani ya silinda pia), petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda, valvu za hewa haziguswi na dawa. Hapo fundi afungue manifoldi (bomba la kupeleka hewa kwenye silinda) asugue valvu. Ukitumia dawa, imwage kwanza kwenye tangi, ndipo ujaze petroli. Hiyo ya kuchanganya mafuta ya taa na petroli ili kusafisha injini achana nayo, yanaongeza masizi.